Mkono Ndani ya Kombaini

Pu. Pu. Pu-pu. Pu.

Sauti ilitangulia. Inspekta Aurelia alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari, matete yamemzunguka pande zote kwa urefu wa mtu na nusu, haoni mbele wala pembeni, lakini alikwishajua kwamba huko ndani kuna watu wanapiga kitu kwa hasira. Kazi ya kawaida ina mwendo wake, mikono huzoeana. Mikono hii haikusubiriana. Kila mmoja alipiga kivyake, kama watu waliokimbizwa wakaambiwa wafanye kazi huku wakikimbia.

Alipasua matete, akatokea shambani, akaona.

Kundi la wanawake lilikuwa juu ya maturubai, linapura mpunga kwa fimbo. Nyuma yao mpunga uliobaki ulikuwa umeiva hadi kukosa subira. Kila upepo ulipopita, punje zilipukutika zenyewe na kuingia kwenye nyufa za udongo. Na katikati ya shamba, mbele ya macho ya wote, ilisimama kombaini nyekundu ya kampuni ya Kemtora, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, imezungushiwa utepe wa polisi, askari mmoja akiilinda. Mashine ya kumaliza shamba lile kabla ya chai ya asubuhi ilikuwa imelala, na watu wa kijiji cha Mchombe wamerudi kwenye fimbo za babu zao.

Mwanamke mnene, kitenge kimefungwa kifuani, alimjia mbiombio.

"Shikamoo, mama," Aurelia alisema.

"Marahaba, afande. Umekuja kunirudishia mashine yangu?"

"Nimekuja kuiuliza maswali."

"Basi iulize haraka. Ndege hawa, kwelea kwelea, hawasubiri upelelezi."

Huyo ndiye Mama Klementina, mwenye shamba na mwenye kombaini. Alikuwa ameuza kiwanja chake cha Mlabani, mjini Ifakara, ili kuinunua, na alikwishailipia yote. Jumatatu, ndani ya mashine hiyo hiyo, Evod alikufa. Evod alikuwa fundi wa mjini, kijana aliyetengeneza matrekta makubwa na pawatila, yale madogo ya kushikwa kwa mikono, ya nusu ya bonde. Alikuwa ameingiza mkono kwenye ngoma, lile pipa la chuma lenye meno linalopura mpunga tumboni mwa kombaini. Ngoma ikazunguka, ikamvuta hadi begani. Hakufika hospitali.

Dereva wa mashine, kijana wa Kisukuma aitwaye Ndaki, alikuwa mahabusu Ifakara. Kesho asubuhi angepandishwa mahakamani kwa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Mtu husomewa shtaka, kisha hukaa gerezani mwaka, miaka, akisubiri zamu yake ya kusikilizwa.

Mkuu wa Upelelezi alikwishamwambia Aurelia kwamba faili limekamilika. "Mashahidi wawili waliwasikia wakigombana asubuhi. Ngoma ilipolia wakageuka, wakamwona Ndaki kwenye kiti. Liva ya ngoma imesukumwa kazini. Unataka nini tena, Aurelia?"

Aurelia alitaka kuiona hiyo liva, ule mkono wa chuma wa kuzungushia ngoma.

Aliwasogeza wanawake mbali, akavuka utepe, akapanda. Liva ilikuwa pale pale ilipopigwa picha, imesukumwa mbele hadi mwisho. Akatoa ufunguo kwenye bahasha ya vielelezo, akawasha. Injini ikakohoa, ikanguruma, mashine nzima ikatetemeka.

Ngoma haikuzunguka.

Akavuta liva nyuma, akaisukuma tena mbele. Kimya. Akarudia kwa nguvu zaidi, meno yameumana. Kimya vile vile. Kwenye kioo kidogo mbele ya kiti palikuwa na picha nyekundu ya kufuli, lakini jua lilikipiga kioo kiasi kwamba ilimbidi akinge kiganja ndipo aione.

Alizima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akashuka kukagua ubavuni. Ndani ya kifuniko, waya mwembamba wa sensa, kile kidude kinachoipa mashine habari, ulikuwa umeungwa na kufungwa utepe mweusi, mzunguko juu ya mzunguko, safi kama nywele zilizosukwa. Kazi ya Evod. Hakuna aliyeigusa.

"Ilijifunga lini?" alimuuliza Klementina.

"Ijumaa. Waya wa sensa ulikatika. Nikawapigia wakala wa Kemtora, wakasema nisubiri fundi wao atoke Dar, wiki mbili. Wiki mbili, afande! Mpunga huu unajua kuhesabu wiki? Nikamwita Evod. Akaweka sensa ya dukani, inafanana na ile kama pacha. Mashine ikatambua si ya kwao, ikajifunga. Kitu changu, nimekinunua mimi, kinanifungia mlango mimi!"

"Ukawapigia tena baada ya hapo?"

"Niwapigie niwaambie nini? Kwamba nimefungua mali yangu bila kuomba ruhusa?"

Swali lilikuwa limejibiwa kwa swali. Aurelia aliliacha lipite, ila hakulisahau.

Pembezoni mwa maturubai, mwanamke mmoja kijana alikuwa anapura peke yake. Wenzake walikuwa wamemwachia nafasi kubwa, ile nafasi ambayo watu humwachia mtu mwenye ugonjwa. Aurelia alimwendea.

"Mwangaluka," alimsalimu kwa Kisukuma.

Fimbo ilisimama hewani. "Mwangaluka, afande," alijibu taratibu, kana kwamba alikuwa anahakikisha kama salamu hiyo ni yake kweli. "Umejifunzia wapi?"

"Nilifanya kazi Shinyanga. Wewe ndiye Ester? Mke wa Ndaki?"

"Ndimi. Kama umekuja kuniuliza kwa nini bado niko hapa, ni kwa sababu nikiondoka watasema nimekimbia."

"Nimekuja kukuuliza kuhusu Jumatatu. Ulikuwepo?"

"Asubuhi. Mchana hatukuwepo, wengi wetu. Mama alikuja akatuambia tuweke mundu chini, twende tukaandae viroba. Alisema mashine itaamka mchana."

"Alisema itaamka, au huenda ikaamka?"

Ester alifikiri. "Itaamka. Tulifurahi mpaka tukapiga vigelegele."

Aurelia aligeuka kumtazama Klementina. Klementina alikuwa anatazama mpunga.

*

Barabara ya Mlimba, ya kurudi Ifakara, ilikuwa imekauka vizuri, na Aurelia aliikanyaga bila huruma. Vumbi lilimfuata nyuma kama mkia. Njia nzima alikuwa anabishana na ile liva kwa sauti, peke yake ndani ya gari.

Kufuli likiwepo, liva haina kazi. Hilo alikwishalijaribu kwa mikono yake. Kwa hiyo Jumatatu kufuli halikuwepo. Nani aliliondoa? Polisi wa kwanza kufika waliandika kwamba ni Evod, kwamba ufundi wake ulifaulu na Ndaki akatumia nafasi hiyo. Sawa. Lakini kiungo cha Evod kilikuwa bado kizima, hakijaguswa, na leo mashine imefungwa. Kama waya ule ndio uliofungua, mbona leo haufungui? Kufuli lilikuwa limeondolewa, mtu akafa, kufuli likarudishwa. Na tangu Jumatatu mashine ilikuwa inalindwa na askari. Hakuna aliyeikaribia.

Basi aliyelirudisha hakuhitaji kuikaribia.

*

Ndaki aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila viatu. Alikuwa mrefu, mikono mikubwa, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Uligombana na Evod."

"Hatukugombana, afande."

"Mashahidi wamekusikia. 'Utakatwa mkono wewe.' Ni maneno yako?"

"Ni yangu. Alikuwa anaingiza mkono na injini inawaka. Alitaka aione taa ya sensa, na taa haiwaki mpaka injini iwe inawaka. Nikamwambia utakatwa mkono wewe."

"Kwa hasira?"

"Kwa Kisukuma changu." Ndaki alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Sisi tukisalimiana tu, wenyeji wanadhani tunapigana."

"Ngoma ilipoanza ulikuwa wapi?"

"Chini, kwenye kivuli cha gurudumu. Nikasikia ngoma. Nikasikia Evod. Nikaruka juu, nikazima ufunguo. Hapo ndipo wale wavunaji waligeuka."

"Na liva? Nani aliiweka kazini, kama si wewe?"

Ndaki aliinamisha kichwa. Aurelia alianza kugonga meza kwa kidole.

"Mimi. Tangu asubuhi."

"Mwenzako yuko ndani ya mashine, wewe unaacha liva kazini?"

"Sisi wote tunaiacha hapo, afande! Muulize dereva yeyote wa kombaini, wa Mngeta, wa Namawala, wa popote. Kampuni ikikufungia, unaacha injini inawaka, unaacha liva kazini, unaenda kivulini. Kioo kile huwezi kukisoma juani. Mtandao wa simu kule unakuja na kuondoka utakavyo. Ukirudisha liva nyuma, unaweza kukaa mpaka jua linazama hujui kama wamekufungulia. Ukiiacha mbele, wakifungua tu, ngoma inalia yenyewe. Unasikia, unakimbia, unavuna. Ndivyo tunavyojua."

Kidole cha Aurelia kilikuwa kimesimama juu ya meza.

"Evod alijua desturi hiyo?"

"Evod ni fundi. Si dereva. Sikumwambia. Nilijua hakuna wa kutufungulia. Kampuni ilishasema ukikata sili yao, ule muhuri wao wa kwenye kifuniko, hawakufungulii mpaka ulete mashine kwao. Evod alikuwa amekata sili. Nani angefungua, afande? Nani?"

"Hilo ni kosa, Ndaki. Kosa kubwa."

"Najua."

"Lakini si mauaji." Aurelia alisimama, kiti kikagonga ukuta. "Rudi ndani. Kula. Mkeo bado yuko shambani."

*

Ofisi ya wakala wa Kemtora ilikuwa Mlabani, barabarani kabisa, jengo la vioo katikati ya maduka ya bati. Mbele yake kombaini mpya zilipangwa zinang'aa. Kwenye kaunta alikaa binti aitwaye Herieth, mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni. Nyuma ya mlango wa kioo, kwenye baridi ya kiyoyozi, alikaa Fulgensi, mkuu wa mafundi, shati jeupe, kucha safi.

"Pole na kazi, afande. Soda?"

"Majibu. Mashine ya Mchombe ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Na kufuli lililo ndani yake?"

"Hiyo ni programu. Programu ni ya kampuni."

"Kwa hiyo mama amenunua mwili, roho mmebaki nayo ninyi."

Fulgensi alicheka kwa adabu. "Tunalinda usalama wa mteja, afande. Hawa mafundi wa mtaani wanafungua vitu wasivyovijua. Matokeo umeyaona. Tumeandika kwenye kila sili: ukikata, wajibu wetu umekwisha."

"Kwa hiyo mtu akinunua kiatu kwako, kikakatika kisigino, akipeleka kwa fundi wa pale sokoni, utakifunga kisivalike?"

"Kiatu hakina kompyuta."

"Bahati yake. Mashine iliyokatwa sili mnaweza kuifungua mkiwa hapa ofisini?"

"Haiwezekani. Mfumo unakataa wenyewe. Lazima iletwe hapa, au niende mimi na kompyuta."

"Tangu Ijumaa, ile ya Mchombe haijafunguliwa?"

"Hata dakika moja."

"Sasa ngoma ilizungukaje?"

"Yule fundi aliunganisha waya vibaya. Ikafunguka kidogo, dereva akasukuma liva, kisha mfumo ukajirudi. Hayo hutokea."

"Hutokea?"

"Yanaweza kutokea," Fulgensi alisahihisha.

Aurelia alimtazama. Angeweza kuandika barua kwa kampuni ya simu, iombe kumbukumbu za laini ya simu iliyofichwa ndani ya mashine, na majibu yangekuja Ndaki akiwa amekwishazoea ugali wa gereza. Alitazama saa ya ukutani. Hakuwa na wiki. Alikuwa na alasiri moja.

"Chukua kofia," alisema. "Twende Mchombe."

"Mimi? Leo nina wateja—"

"Una polisi. Wateja watasubiri, ninyi si mnawafundisha kusubiri?"

Fulgensi alipokwenda kuchukua kofia, Aurelia aliinama juu ya kaunta, akaongea na Herieth kwa sauti ya chini. Binti aliandika kitu, akaitikia kwa kichwa.

*

Walifika upepo umebadilika. Wingu la kijivu lilikuwa limetanda upande wa milima ya Udzungwa, wingu lisilo la msimu, na watu shambani walikuwa wanalitupia macho huku wakikunja maturubai. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wamesogea mpaka ukingoni, wanasubiri mabua. Kila kitu kilikuwa kinasubiri na kila kitu kilikuwa kimechoka kusubiri.

Habari kwamba mtu wa Kemtora amekuja ilisambaa upesi. Watu wakajikusanya nyuma ya utepe. Klementina akasimama mbele. Ester akasimama peke yake.

Aurelia alipanda, akawasha injini, akashuka. Liva aliiacha kazini. Kisha akaenda ubavuni, akasimama mbele ya mlango wa ngoma ulio wazi, mgongo wake umeuziba.

"Bwana Fulgensi! Spana ya marehemu imebaki chini ya ngoma. Ni kielelezo. Wewe ni fundi mkuu, nitolee."

"Zima injini kwanza."

"Ya nini? Mashine imefungwa. Hata nikisukuma liva haizunguki, nimejaribu asubuhi."

"Ni utaratibu wa usalama, afande."

"Utaratibu mzuri. Basi kabla hujaingiza mkono, nikuambie jambo." Aurelia alilazimika kupaza sauti juu ya injini, na hakujali nani anasikia. "Pale kaunta kwako nimeacha ombi la polisi. Mashine ya Mchombe ifunguliwe kutoka makao makuu, alasiri hii hii. Binti akasema atalituma. Lakini wewe umeniambia mfumo utakataa, mashine ya kukatwa sili haifunguki kwa mbali. Kwa hiyo hakuna shaka. Njoo utoe spana."

Fulgensi hakumtazama Aurelia. Aliitazama liva. Kisha akaitazama simu yake, akaiinua juu, akaishusha, akatembea hatua mbili kutafuta mtandao, akapiga.

"Herieth! Herieth, unanisikia? Lile ombi la polisi lisiende! ... Nini? Limekwenda saa ngapi? Piga Dar sasa hivi, waambie wasifungue! Waambie ya Mchombe wasi-fu-ngue!"

Injini ilikuwa na kelele, akawa anapiga mayowe bila kujua. Aliposhusha simu, uwanja mzima ulikuwa unamtazama.

"Wasifungue nini, bwana?" Aurelia aliuliza. "Si haifunguki?"

Fulgensi alifumbua mdomo, na nyuma ya mgongo wa Aurelia chuma kililia.

Kilianza kwa mguno, kisha mluzi, kisha kelele nzito iliyojaza kifua. Ngoma ilikuwa inazunguka. Meno yake yalikuwa yamegeuka ukungu. Upepo wake ulirusha mapumba mpaka usoni mwa watu, na watu wakapiga kelele wakarudi nyuma, wakakanyagana. Juu, kwenye kiti cha dereva, hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kitupu, na kila jicho pale shambani lilikiona kikiwa kitupu.

Aurelia alipanda ngazi kwa miruko miwili, akachomoa ufunguo. Kelele ikazama. Kisha akashuka.

"Mkono wangu ungekuwa mle ndani," alimwambia Fulgensi. "Au wako."

"Hii haithibitishi lolote kuhusu Jumatatu," Fulgensi alisema. Shati lake jeupe lilikuwa limemganda mgongoni. "Leo wamefungua kwa sababu polisi wameomba. Jumatatu nani aliomba? Nionyeshe aliyeomba."

Na hapo, Aurelia alijua, yule mtu alikuwa amesema kweli kwa mara ya kwanza siku ile. Ngoma ilikuwa imeonyesha jambo linawezekana. Haikuonyesha kwamba lilitokea. Mwendesha mashtaka angesema hivyo hivyo kesho, na Ndaki angepanda gari la magereza.

"Mama Klementina," Aurelia aliita.

Klementina alikuwa anatazama ule mlango wa ngoma.

Aliyeongea ni Ester. Alivuka ile nafasi waliyomwachia, akaja mpaka mbele ya yule mama.

"Mama, Jumatatu ulituambia tuweke mundu chini."

"Ester..."

"Ulisema mashine itaamka mchana. Evod alikuwa hajamaliza. Hata yeye mwenyewe alikuwa hajui kama ataweza. Wewe ulijuaje?"

Klementina alikaa chini, juu ya udongo mtupu, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nilipiga mimi," alisema. "Alfajiri. Nikampata huyu Fulgensi. Nikamwambia mpunga unapukutika, nihurumie. Akasema nitakufungulia mchana kwa njia ya pembeni, lakini uniahidi huyo fundi hatakanyaga tena mashine yetu. Nikaahidi."

"Na Evod?" Aurelia aliuliza. "Kwa nini hukumwambia atoke?"

"Nilimwita mimi, afande! Ametoka Ifakara kwa pikipiki kuja kunisaidia. Nitamfukuzaje mtu kazini na tumbo lake tupu? Nilikuwa nampikia. Ugali na samaki, kitoga. Nikasema ale kwanza, ashibe, ndipo nimwambie taratibu, nisimfedheheshe mbele ya watu. Nilikuwa naepua sufuria niliposikia makelele." Alijifuta uso kwa kitenge. "Nikampigia huyu. Akasema hawakuwa wamefungua bado, ni dereva ndiye aliyefanya. Nikamwamini. Nilitaka kumwamini."

Kuna mwanamke alianza kulia, mwingine akamnyamazisha.

"Mama," Fulgensi alisema, na sasa adabu yote ilikuwa imemtoka, "angalia unachosema. Ukiandikisha maneno hayo polisi, mashine hii haitafunguliwa tena. Si leo, si msimu ujao. Hakuna sensa, hakuna mkanda, hakuna fundi. Utabaki na banda la chuma shambani. Na lile wingu pale unaliona."

"Unamtisha shahidi mbele yangu?" Aurelia alimshika mkono juu ya kiwiko. "Wewe utarudi Ifakara nami, kiti cha nyuma."

Lakini maneno yalikwishasemwa, na yalikuwa na uzito. Wote pale walijua kiwanja cha Mlabani kilichouzwa. Wote walijua mpunga uliosimama. Aurelia alifungua begi, akatoa karatasi za maelezo na kalamu, akachuchumaa mbele ya Klementina.

"Siwezi kukulazimisha, mama. Nikipata maelezo yako leo, mwendesha mashtaka atayakuta mezani asubuhi. Lakini atataka kukuona. Atataka uyasimamie kwa mdomo wako. Wengi huandika shambani, wakifika mjini wanapotea."

Klementina alimtazama Fulgensi. Aliitazama kombaini, akaipandisha na kuishusha kwa macho, kuanzia magurudumu hadi kwenye kile kiti. Kisha akashika kalamu, akaandika yale aliyoyasema, akatia jina lake, akaisukuma karatasi kwa Aurelia, akainuka kwa kujisukuma na mikono yote miwili.

Ester alikuwa bado amesimama pale pale, hajalia, hajasogea.

"Mume wangu anapandishwa kesho, mama," alisema. "Sitaki uniambie mimi peke yangu. Sema wasikie na hawa, ambao wiki hii hawakunisalimia."

Klementina alimshika mabega. Alivuta pumzi, na aliposema, sauti yake ilifika mpaka kwa wale wachungaji waliokuwa na ng'ombe ukingoni.

"Sikieni wote! Ester, mwanangu, kesho nitakuwa mahakamani kabla mlango haujafunguliwa. Nitasema aliyepiga simu ni mimi, aliyekaa kimya ni mimi, na Ndaki alikimbilia kiti kile ili kumwokoa mwenzake. Mashine na ioze hapa ilipo. Wasiponisikiliza nitalala pale pale barazani, na kesho kutwa nitasema tena, na mtondo nitasema tena, mpaka mumeo atoke kwa mlango wa mbele, nami nitakuletea mpaka nyumbani kwako."